Kuzunguka Mahali Pamoja

Kama leo umeamka ukakuta sakafu imeinama upande mmoja, na umeshika ukuta kwa mikono miwili kabla ya kuthubutu hatua ya kwanza, nakuandikia wewe. Mimi si mtaalamu. Ni mchuuzi wa samaki wa Nchelenge, mzaliwa wa Lubumbashi, na yote ninayoyajua kuhusu ugonjwa nilijifunza nikiwa nimelala chali. Lakini leo natembea, nabeba beseni kichwani, napanda mtumbwi bila kushikwa mkono, na nazunguka kwa mguu mmoja juu ya magurudumu. Hilo la mwisho wengi hawaliamini mpaka waje waone kwa macho yao.

Nianze na hayo magurudumu, maana bila hayo hutanielewa.

Shuleni kwetu Lubumbashi kulikuwa na mtawa mmoja mrefu, mkali, tuliyemwita Masere kama tulivyowaita watawa wote. Alikulia katika nchi ambako maziwa huganda wakati wa baridi, na watu huteleza juu yake wakiwa na viatu vyenye vyuma chini. Sisi tulisikiliza tukidhani anatutania. Barafu tuliyoijua ni ile ya mapande inayopakiwa na samaki. Basi kwa kuwa hakuwa na ziwa la kugandisha, alitumia uwanja wa saruji nyuma ya jiko la shule, na jozi sita za patini: vyuma vya kufungwa miguuni kwa mikanda, kila kimoja na magurudumu manne.

Kwenda mbele wasichana wote walijua ndani ya wiki mbili. Kazi ilikuwa kuzunguka. Masere alitaka tuzunguke mahali pamoja, bila kuhama hata shibri moja, na ili tusimdanganye alinyunyiza unga wa muhogo sakafuni. Ukimaliza kuzunguka, unatazama chini. Kama duara zimelaliana moja juu ya nyingine, umepata kati. Kama zimeandamana kuelekea ukutani, umetembea, na Masere alikuwa na neno moja tu kwa jambo hilo: "Tena."

Kosa letu sote lilikuwa lile lile. Unaingia kwa mwendo wa kupinda, goti limekunjwa, mikono imefunguliwa, na mara tu mwili unapoanza kugeuka unaogopa, unavuta mikono kifuani ili jambo liishe. Ukivuta mikono kabla hujapata kati, mwendo unakutupa nje. Inabidi usubiri. Usubiri mpaka mwili utulie juu ya nukta moja ya unyayo, kisha ukusanye mikono polepole, na kasi inakuja yenyewe bila kuombwa. Mimi ndiye niliyekuwa bora kuliko wote. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu majivuno hayo karibu yaniponze.

Nilipoolewa na Chisenga, mnunuzi wa samaki wa upande wa Zambia aliyekuwa akileta samaki wa aina ya pale, waliokaushwa, mpaka Lubumbashi, Masere alinizawadia jozi moja. Nikavuka ziwa Mweru na sufuria zangu, vitenge vyangu na patini. Mama mkwe wangu alivigeuza vile vyuma mkononi, akauliza vinasaga nini.

Kikohozi kilinishika wakati wa mvua, katikati ya miaka ya sabini, binti yetu Mwape akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mwanzoni nililaumu moshi wa kukaushia samaki. Halafu pete ya ndoa ikaanza kunivuka kidoleni ninapofua, nikaifunga kwa uzi. Halafu kukawa na damu kwenye kitambaa. Nilikikunja upesi, nikakitia motoni, lakini Chisenga alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani akaanza kufunga nguo zangu kwenye kitenge, na nilipouliza tunakwenda wapi akataja hospitali, akiniita mama wa Mwape kwa lugha ya huku, "Lupitalo, Bana Mwape. Leo, si kesho." Siku hiyo hiyo Mwape alipelekwa kijiji cha Kafutuma kwa bibi yake, mama wa mume wangu. Aliondoka amelala begani kwa baba yake, hakujua kama anaagwa.

Watu wanadhani hospitali ni dawa. Hospitali ni benchi. Kuna benchi la kusubiri kuandikwa, benchi la kusubiri kupigwa picha ya kifua, na benchi la kusubiri sindano, ambalo ndilo lililokuwa refu kuliko yote, chini ya ukingo wa paa, mvua ikimwagika mbele ya magoti yetu. Tulikaa hapo kila asubuhi, kila mtu na kopo lake la kutemea lenye kifuniko. Sindano ilikuwa nene na makalio yetu yalikuwa mifupa. Nesi aliyetuchoma alikuwa mtu wa utani, na Kiswahili chake cha sokoni alikitumia kwetu tuliotoka ng'ambo. Ukifika mbele yake aliuliza, "Leo Zambia ao Kongo?" akimaanisha upande wa kulia au wa kushoto. Ukijibu Zambia, anakuambia, "Zambia imejaa matundu, peleka Kongo." Wewe unayeingia wodini leo, muombe Mungu akupe nesi wa namna hiyo, maana siku nyingine kicheko hicho ndicho kitu pekee nilichomeza kikakaa tumboni.

Wiki ya sita masikio yakaanza kuvuma. Wiki ya saba, nikisimama, wodi nzima iliyumba kidogo kabla ya kutulia. Sikumwambia nesi. Kwenye benchi letu kulikuwa na mvuvi mzee kutoka Puta aliyetutangulia kwa mwezi mzima, na kwa hiyo tulimwona kama profesa. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kizunguzungu ni dalili ya dawa kushika.

"Kama kichwa hakizunguke, ile dawa haiko na nguvu," alisema. "Batu bote benye kupona, kichwa yabo ilizunguka kwanza."

Tukaanza kushindana. Mmoja anasema jana aliona dari inashuka, mwingine anasema mto wake uligeuka mtumbwi. Na mimi, mwanafunzi wa Masere, niliwacheka wote.

"Mimi nilizoea kizunguzungu tangu mutoto," niliwaambia. "Unatazama kintu moja, unangojea, inapita. Bakubwa muzima munaogopa hii?"

Hapo ndipo nilipokosea. Kizunguzungu cha mchezo hupita ukisubiri. Hiki hakikupita, na mimi niliendelea kukisubiri kama mjinga, wiki tatu, nikipokea sindano kila asubuhi na kujisifu kila jioni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha tu, niliyafanyia maonyesho.

Kilichoniumbua ni sabuni. Nilikuwa bafuni, kwenye kile kibanda cha matete nyuma ya wodi, nimejipaka povu usoni. Nilifumba macho ili nijimwagie maji, na mara tu kope zilipofungana sikujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Nilianguka na kibanda chote. Nesi alinikuta uchi, nimefunikwa matete, povu machoni, nikishika ardhi kwa kucha kana kwamba itanikimbia. Hakutania siku hiyo.

Daktari alinisimamisha, akaniambia nifumbe macho. Nilianguka mikononi mwake. Akaandika, akasimamisha sindano, akanipa vidonge vingine, kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba kifua kitapona, lakini kile sindano ilichoharibu ndani ya masikio, kinachoshika usawa wa mwili, pengine hakitarudi.

"Macho na miguu vinaweza kufundishwa kazi hiyo," alisema.

"Nani atavifundisha?"

"Wewe."

Nilimchukia wiki nzima. Niliona amenitupa. Sasa najua kwamba aliniambia ukweli wote aliokuwa nao, na wewe ukipata daktari wa kukuambia hivyo, usimkasirikie muda mrefu kama mimi. Na usisubiri sabuni. Sikio likivuma, sema siku hiyo hiyo, hata kama benchi zima litakucheka.

Nilitoka mvua zilipokuwa zinaisha. Nilikuwa nimenenepa kidogo, kikohozi kimekauka, na kila aliyeniona alishukuru Mungu. Hawakuona nilichokuwa naona mimi. Nikitembea, ziwa lilirukaruka. Ule mstari mnyoofu wa maji na mbingu ulipanda na kushuka kwa kila hatua, na nyuso za watu zilitikisika hata sikuweza kuwatambua mpaka nisimame. Kugeuza kichwa nikiwa natembea ilikuwa ni kutafuta kuanguka. Jua likizama nilikuwa mfungwa, kwa sababu gizani miguu yangu haikujua ardhi iko wapi. Wanawake wawili wa kanisani walishauriana kwa sauti ya kutosha kwamba mke wa Chisenga amejifunza kunywa pombe ya kachasu hospitalini.

Hayo yote niliyavumilia kwa sababu ya safari moja niliyokuwa naisubiri: kwenda Kafutuma kumchukua mwanangu.

Huku kwetu mkwe wa kike hamsalimii mama mkwe akiwa amesimama. Unapiga magoti mbali kidogo, unainamisha uso, unapiga makofi taratibu, na macho yako hayapandi mpaka uitikiwe. Njiani, ndani ya lori, nilikuwa nimefikiria jambo hilo hilo. Nikiinama na kutazama chini nitaanguka mbele ya ukoo mzima. Nikaamua kwa akili yangu kwamba heri nimsalimie nimesimama, kisha nimweleze. Ndivyo nilivyofanya. Nilisimama wima katikati ya uwanja wa mama wa mume wangu, macho yamemkazia yeye kama nguzo, nikasema, "Mwapoleni, Mayo."

Chisenga alinitazama kana kwamba nimevua nguo. Mama mkwe, ambaye alikuwa akichambua majani ya muhogo, aliendelea kuchambua. Hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kuuzia samaki, kwa hiyo maneno yake yote hapa nayageuza kutoka Kibemba.

"Hospitali imemfundisha kusimama," alimwambia mwanawe, si mimi.

Nilitaka kueleza, lakini Mwape alitoka ndani. Alikuwa amerefuka. Nilisahau kila kitu, nikamkimbilia, nikamnyanyua, nikageuka naye haraka ili baba yake aone. Dunia ilikwenda upande wake na mimi wangu. Tulianguka wote wawili juu ya mawe ya jiko. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye alipasuka kwenye paji la uso, na damu yake ilipita machoni mwake, naye akapiga kelele akimwita bibi yake. Alimwita Mayo. Kwa Kibemba hilo ndilo neno la mama.

Mama mkwe alimuosha, akamfunga jeraha, akamweka mgongoni mwake. Kisha akazungumza nami kwa mara ya kwanza.

"Mtoto anabaki hapa. Siku utakaposimama kama mtu anavyosimama, nitajua."

Katika lori la kurudi nilimwambia Chisenga aseme kitu, maana yeye ndiye baba. Alitazama barabara mpaka tulipokaribia Nchelenge. "Mama hakukosa," alisema. Nilimrushia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alinisikiliza, na tulipofika akanishika mkono kunishusha, nami nikauhitaji mkono huo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu hapo nilimwona mwanangu Jumapili. Nilikaa kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta, wakaniletea mtoto na kumweka mapajani pangu kama wanavyompa mgeni. Alikaa kwa adabu. Baada ya muda aliteleza, akaenda kucheza. Nakuambia waziwazi, damu niliyotema haikunitisha kama adabu ile.

Baridi ya Juni ilipoingia, upepo wa ziwa ukikata masikio asubuhi, alivuka Mama Vero. Huyu alikuwa rafiki yangu kutoka Kilwa ya upande wa Kongo, mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa, aliyekuja na sabuni na vitenge na kurudi na samaki. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya ghala la Chisenga, nalia.

"Juu ya nini unalia? Kifua inarudia?"

Nikamsimulia yote. Alisikiliza akitafuna muhogo, kisha akaingia ghalani kutafuta ndoo yake. Akatoka na patini zangu, zimejaa kutu na magamba ya samaki.

"Na hizi? Si njo ulikuwa unatuonyesha na maringo yako, mwaka ile ya arusi?"

"Mama Vero, sikuwa na maringo. Lakini mutu mwenye hawezi kutembea, atapanda magurudumu?"

"Mi sijue. Weye njo munganga wa miguu yako, yule munganga alikwambia. Ile siku ya kwanza kabisa, nani alikufundisha kusimama?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba usiku huo nilikula ugali wote uliokuwa sahanini. Mtoto hujifunza kutembea bila kujua anajifunza, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukuambia alivyofanya. Lakini kuzunguka nilifundishwa nikiwa na akili zangu, hatua kwa hatua, na kila hatua nilikuwa bado naikumbuka. Kulikuwa na jambo moja duniani ambalo nilijua namna ya kulijenga upya tangu msingi.

Chisenga aliposikia alishika kichwa. "Mwe, Bana Mwape! Hauwezi kwenda choo bila kushika ukuta, unataka kupanda magurudumu?" Tulipatana kwamba nitaanza miguu mitupu, na kwamba Mama Vero atakuwapo kila anapovuka. Ghala lilikuwa na sakafu nzuri ya saruji, na asubuhi, baada ya malori kuondoka, lilibaki tupu mpaka mchana. Nililisugua kwa majivu mpaka harufu ikapungua. Nikanyunyiza unga.

Siku ya kwanza niligeuka nusu duara, nikakaa chini. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne Mama Vero alisimama nyuma yangu na kasia mkononi, akisema ni la kunizuia, ingawa nilishuku ni la kunipigia.

Na hapo nikakuta ajabu. Nilipoweza kuzunguka mara tatu, nikasimama nikingoja kizunguzungu nilichokijua tangu utotoni. Hakikuja. Nilizunguka mara tano. Hakikuja. Dawa iliyoninyang'anya usawa ilikuwa imenyang'anya na kizunguzungu. Nilicheka mpaka Mama Vero akadhani nimerukwa na akili.

"Sasa uko mashine," alisema.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na upande wa pili. Zamani mwili uliniambia nikianza kutoka katikati. Kitu fulani kichwani kilipiga kelele kabla sijaanguka. Sasa kulikuwa kimya. Nilizunguka nikiamini niko palepale, nikatazama unga, na duara zilikuwa zimetembea mpaka mlangoni. Kwa hiyo nilianza kuuliza mahali pengine. Niliuuliza unyayo. Chini ya kidole gumba kuna nyama nene; uzito ukiwa hapo, uko katikati. Ukihamia kisigino, umeshachelewa. Niliuliza tena na tena, na baada ya kila mzunguko niliangalia unga kama jibu lilikuwa kweli. Wiki kwa wiki unyayo ulianza kusema mapema zaidi. Wiki ya tano nikafunga patini.

Usidhani nilipaa. Nilianguka mpaka magoti yakawa na rangi za kila aina. Kosa lilikuwa lile la utoto, tena likiwa na nguvu zaidi: nilikuwa na haraka ya kuvuta mikono. Kila nilipoanza kugeuka nilimwona Mwape akiteleza kutoka mapajani pangu, nami nikakusanya mikono kwa hofu, na magurudumu yakanitupa kwenye mizani ya samaki. Siku moja niliketi pale sakafuni nikajiambia kwa sauti, "Tena," kama Masere. Nikaingia, mikono wazi, na nikakataa kuivuta. Nilizunguka polepole, mara moja, mara mbili, nikisubiri, na katika mzunguko wa tatu nilihisi unyayo umetulia. Ndipo nilipokusanya mikono. Ukuta ukawa mstari mmoja wa rangi. Niliposimama, kwenye unga kulikuwa na duara moja, pana kama sahani.

Mama Vero aliliinamia, akalizungukia kama mtu anayenunua mbuzi. "Bon," alisema. "Sasa fanya na mutu anakutazama mubaya."

Kila mwezi nilirudi hospitali kuchukua vidonge. Benchi lilikuwa lile lile, nyuso zimebadilika. Nesi alinipima uzito, akasoma namba kwa sauti ili benchi lote lisikie, na kila mwezi namba ilipanda. Mzee wa Puta alikuwa amerudi kwake, kifua kizima, ila mkewe alisema sasa inabidi kumwita kwa kumgusa bega. Nilikuwa nimeanza kutembea njia nzima bila fimbo. Ziwa lilikuwa bado linarukaruka, lakini miguu haikuliuliza tena ziwa chochote. Niliwaambia wagonjwa wapya wanaovumiwa na masikio wamwambie nesi. Wawili walinicheka. Mmoja aliinuka akaenda kusema.

Joto la Oktoba lilipokuwa kali, vumbi limefunika hata majani ya mihogo, nilikuwa ghalani asubuhi moja nikizunguka kwa mguu mmoja. Nilikuwa peke yangu, au nilidhani hivyo. Niliposimama nikasikia sauti ndogo mlangoni ikiuliza kwa Kibemba, "Ninani uyu?" Huyu ni nani? Jumapili zote aliniona nimekaa tu.

Mwape alikuwa amesimama pale, ameshika kitenge cha bibi yake. Mama mkwe hakuwa ametoa habari kwamba atakuja. Alikuwa na kikapu kichwani, na sura yake ilikuwa imekazwa.

Sikuweza kupiga magoti, vyuma vilikuwa miguuni. Nilisema salamu nikiwa nimesimama, kwa mara ya pili, na safari hii nilieleza kabla hajajibu. Nilimwambia kwamba siku ile Kafutuma sikusimama kwa kiburi. Niliogopa kuanguka miguuni pake. Nilipaswa kutuma mtu aseme mapema, na sikutuma, kwa sababu niliona aibu.

Alitua kikapu. Alitazama unga.

"Fanya tena," alisema.

Nilifanya. Sikuwa na hofu hata kidogo. Kama kuna kitu duniani ninachokiweza, ni hicho. Nilisubiri, nikakusanya mikono, nikazunguka mpaka nikasikia hewa inapiga masikioni, kisha nikafungua mikono nikasimama nikimtazama yeye. Mwape alipiga makofi. Bibi yake hakupiga.

"Sikumchukua mtoto eti kwa sababu ulianguka," alisema. "Kila mtu niliyemwona akitema damu, tulimzika. Dada yangu. Mume wangu. Nilitaka mtoto azoee kutokuwapo kwako wakati bado upo, ili asilie mara mbili."

Miezi yote ile nilikuwa nafanya mtihani ambao haukuwapo. Yeye alikuwa ameshanizika, akawa anamlea mwanangu juu ya kaburi langu.

"Mayo," nilisema, na sauti yangu haikuwa ya mkwe, "mimi nilikuwa hai. Nilimlilia kila siku."

Alikuja mpaka mbele yangu, mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, akashuka magotini juu ya ile saruji ya samaki na kuanza kufungua mikanda ya patini zangu. Nilitaka kumzuia, haifai, mkubwa hapigi magoti mbele ya mkwe. Sikumzuia. Nilimwacha afungue zote mbili.

Alikaa kwetu. Hakusema atakaa mpaka lini, nasi hatukumuuliza. Mwape alilala naye, alikula mkononi mwake, na aliendelea kumwita Mayo. Mimi alinitazama kutoka mbali, kwa heshima. Chisenga alitaka kumlazimisha aje kwangu. Nilimkataza. Nilifanya kazi zangu uwanjani, nilipika, nilianika samaki, nilipita karibu naye bila kunyoosha mkono. Ilinigharimu kuliko sindano zote. Mama mkwe aliona, akaanza kusogeza mkeka wake karibu na jiko langu, siku baada ya siku, kidogo kidogo, mtoto akiwa juu yake.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kubwa, ya ghafla, na uwanja ukawa utelezi. Ilipopungua Mwape alitoka mbio kukanyaga maji. Aliteleza, akaanguka kifudifudi, akainuka uso umejaa matope, analia kwa sauti yote. Bibi yake alikuwa karibu zaidi, kwenye mkeka chini ya paa, na alikuwa ameshanyoosha mikono. Mwape alikimbia, akampita, akaja kwangu. Nilikuwa katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na mtu yeyote wa kunishika. Nilimwinua, nikabaki nimesimama.